Pengo

Olomouc, Machi, saa nane usiku.
Theluji imekuwa tope kwenye ngazi za maabara.
Vendula Hrubá amevua viatu,
kwa kuwa soksi haziitikisi meza.

Chupani mna dhahabu.
Usiitafute kwa jicho la sonara:
haing'ai, wala haina umanjano.
Ni chembe zilizopikwa kwa chumvi ya ndimu
hadi maji yakaiva, mekundu.
Unywele wake mmoja ukilazwa,
chembe elfu na mia sita zingejipanga
kuuvuka upana wake.

Anawasha leza.
Mwanga ni mgeni mwenye mwili mkubwa;
mlango mdogo kuliko wimbi lake haupiti.
Lakini metali ina umati ndani,
elektroni zisizo na viti,
na wimbi likigonga zote huyumba pamoja,
kushoto, kulia, kushoto,
kama jukwaa la uwanja bao linapoingia.

Na wala si ndani ya dhahabu nuru inakokua.
Miezi minane alidhani hivyo,
akaandika, akafuta,
akagombana na Radim kuhusu hesabu,
kisha kuhusu vikombe visivyooshwa.
Inakua pengoni,
pale chembe mbili zinapokaribiana
zisigusane:
upana wa atomu tatu, labda nne.
Patupu,
na hapo patupu ndipo inaponona
mara elfu, mara milioni.

Zikigusana, basi.
Mwanga hufifia
kama mazungumzo ya watu waliozoeana mno.

Usiku huu ametia pengoni
tone la kisima cha baba yake,
kule bondeni, chini ya miplamu
aliyoinyunyizia dawa miaka thelathini
kwa bomba la mgongoni, bila barakoa.
Ofisi ya wilaya ilipima maji hayo,
ikapiga muhuri: hakuna kitu.

Kwenye skrini mstari unatambaa,
unatambaa,
unasimama wima.
Anarudia. Unasimama palepale.
Anabadilisha kioo, anaosha mikono,
anarudia mara ya tatu akiomba akosee,
jambo ambalo hajawahi kuliomba
tangu aanze kazi hii.

Molekuli ile ina jina refu.
Analijua; limeandikwa kwenye madebe
ya ghalani, nyuma ya baiskeli yake ya utotoni.

Baba huamka saa kumi na moja.
Kitu cha kwanza, hujaza birika.

Vendula anatafuta simu
huku kiatu kimoja kimevaliwa,
kingine kikingali kinachuruzika maji.