Toa Maji

Kuongeza maji naweza.
Nilijifunzia uani, nyuma ya duka letu la Mwanga:
karai la bati, kaniki imetandikwa chini,
Bukuru anachota kwa kikombe cha chai
na kuachia tone moja, moja, kama mtu analipa deni.
Tone la karai lina haraka ya mtoto.
Libandike ziwani hivyo lilivyo
na kila mwenye macho ataona karai.
Basi unalipunguzia mwendo, mara nne, mara tano,
mpaka liwe zito, lijidhanie wimbi.

Maji hayana rangi ya kwao. Hukopa.
Hukopa kwa mbingu, kwa milima ya Kongo ng'ambo,
kwa shati la mtu aliyesimama kando,
na wanachokopa hukirudisha pungufu,
kimetiwa giza kidogo, kimevunjika kiunoni.
Ukiweka taswira nzima, iliyonyooka,
umetengeneza kioo.

Na ukingo! Wengi huumbukia hapo.
Juu ya mstari wa maji ukutani
pana mstari mwingine, upana wa kiganja,
mweusi kwa unyevu,
pale wimbi lilipopanda likashuka.
Usahau huo, na nyumba yako itakaa juu ya picha
kama stempu.

Harusi moja ya Gungu nilimwaga ziwa zima
miguuni pa bwana harusi aliyeogopa boti.
Shangazi zake walikunja khanga
walipoitazama.

Kisha akaja Bi Tausi binti Feruzi, kutoka Katonga,
na simu yenye ufa,
na video ya sekunde kumi na moja:
nyumba yake, maji usawa wa dirisha,
mwaka ule ziwa lilipopanda likasahau njia ya kurudi.
Mlango uko nusu wazi.
Sufuria inaelea mbele yake, inazunguka polepole,
haijui iende wapi.

"Toa maji," akasema,
kama unavyomwambia mgeni avue viatu.

Nilicheka. Halafu nikaona nacheka peke yangu.
Kuongeza ni kufunika, mama.
Kutoa kunataka ujue kilichofunikwa.
Chini ya maji haya kompyuta haina kitu,
ina vimraba tu, vyeupe na vya kijivu,
ndivyo inavyochora pasipo na kitu.

Akavuta kigoda.

Ngazi mbili. Ya pili imeliwa pembeni.
Jiwe la kusugulia miguu, kushoto.
Si hapo. Kushoto zaidi, mwanangu, usiniwekee jiwe la jirani.
Kibaraza kimepakwa chokaa upande mmoja,
fundi alifiwa, akaenda Kasulu, hakurudi.
Na kuku. Saruji ikiwa mbichi alipita kuku,
nyayo saba, kisha akaruka.
"Andika saba," akasema. "Wanangu walijifunzia kuhesabu pale.
Wote wanakwama kwenye nane."

Umeme ulikatika mara mbili.
Nilichora vidole vya kuku mpaka adhana ya alfajiri,
nikatafuta vumbi la kiangazi katika video za watu wengine,
nikachubua kijani kwenye kuta,
nikaufuta na ule mstari wa unyevu,
ule niliofundisha vijana wasiusahau.

Ikabaki sufuria.
Bila maji ilizunguka hewani,
usawa wa dirisha, juu ya kibaraza kikavu,
jambo la kuchekesha na la kutisha.
Nikashika kifutio.

"Hiyo iache."
Inaning'inia, Bi Tausi. Watu watasema kazi mbovu.
"Usiku ule ilinigonga kitandani, ngo, ngo,
ndiyo iliyoniamsha. Iache."

Nikaiacha.
Ila kitu kinachoelea bila kivuli ni uongo,
hilo siwezi kumfanyia mtu.
Nikaichorea kivuli chini, chepesi, cha mviringo,
kinachozunguka nayo kwa sekunde kumi na moja
pale mbele ya unyayo wa saba,
pale kuku aliporuka.