Mguu wa Kushoto

Normand ameyaweka mawili bega kwa bega
mbele ya ghala lake, matope yakifika vifundoni.
Aprili ya bonde la Saint-Jean: theluji imebaki
vipande vipande, kama shuka zilizosahauliwa uani.
Rangi moja, injini moja, nguvu za farasi ishirini na tano.
Tofauti iko tumboni.

La kwanza ni la gia. Jino kwa jino,
chuma kimemshika mwenzake na hakimwachi;
unachokitoa kwenye injini ndicho kinachofika ardhini,
hakuna dalali katikati.
Rosaire alilijua kabla hajalipanda.
Babake alimfundisha kubadilisha gia kwa sikio
akiwa na miaka tisa, akiendesha wima
kwa kuwa akikaa miguu haifiki.

La pili linasukumwa na mafuta.
Pampu inayabana, mota inayapokea,
nawe una pedali mbili tu: nenda, rudi.
Klachi ya kuendea hakuna. Mguu wa kushoto
unakaa kama mgeni aliyekatazwa kuosha vyombo.
Kwenye mwinuko linalia, wiii,
birika ambalo hakuna wa kuliepua,
na sehemu ya nguvu ulizozinunua
linakurudishia joto.
Bei imezidi kwa dola elfu moja na mia saba.

"Hili," Normand akasema, akinitazama mimi,
"kina mama wanalipenda sana."
Nikamwuliza kichujio chake cha mafuta ni bei gani
na hubadilishwa kila baada ya saa ngapi za kazi.
Akaenda kutafuta kitabu.

Rosaire akalipeleka la gia hadi mwisho wa uwanja,
gia ya pili, ya tatu, mgongo umenyooka.
Sijamwona hivyo tangu hospitali.
Akageuza. Langoni ilimbidi asimame:
akanyage, ashikilie, aachie taratibu.
Mtaka cha mvunguni sharti ainame,
lakini goti la chuma halijui methali.
Klachi ikamponyoka. Trekta likaruka kama ndama
na sanduku la barua la Normand likalala chali.

Hatukucheka.
Normand alisema hata hivyo lilikuwa limeoza.

Nyumbani nikafungua daftari la mayai,
kurasa za nyuma, ninakoandika mengineyo.
Asubuhi za kusukuma theluji: tisini na nne.
Siku za kulima viazi: sita.
Na theluji ni mbele, nyuma, mbele, nyuma,
saa kumi ya alfajiri, taa moja,
gia mara mia mbili kabla ya kahawa
kwenye lile kongwe lenye klachi ngumu kama deni.
Aliyekuwa akiikanyaga ni mimi.
Sikuwahi kulalamika. Sikuwahi kuhesabu pia.

Akapitisha kidole juu ya namba, polepole,
kama anayetafuta ufa kwenye bomba.
"Sikujua ni tisini na nne," akasema.
Kisha: "Na mteremko wa nyuma, plau ikizama?"
"Tutaliweka kwenye mwendo wa chini. Litalia siku sita.
Nimewahi kusikiliza vilio virefu zaidi."

Limeletwa Jumanne.
Analiendesha vizuri, sisemi hapana,
amebeba samadi kutwa nzima bila kushika ukuta akishuka.
Ila mkono wake wa kulia hupapasa hewa
pale fimbo ya gia ilipokuwa ikikaa,
na anapodhani simwoni
huinamisha sikio, akingoja meno yakutane.
Mazoea yana taabu.

Jana usiku, usingizini,
mguu wake wa kushoto ukakanyaga godoro,
ukashikilia, ukatetemeka kidogo.
Nikasogeza wangu upande wa ukutani.
Akabadilisha gia.