Gigabaiti Sabini na Mbili

Nugzari alinipigia simu saa kumi alfajiri,
hakunisalimu. Alisema: "Eteri, inagonga."
Nikaisikia, ile diski ya zamani,
ko, ko, kimya, ko,
kama mtu aliyejifungia chooni
akaona haya kupiga kelele.

Basi la kwanza kwenda Kvareli.
Mkobani bisibisi mbili, mkate,
na diski niliyoing'oa kwenye kompyuta
ambayo kaka yangu Malkhazi aliiacha
alipokwenda Poland kubeba matofali.
Gigabaiti themanini. Hajui.

Kompyuta ya mizani inakaa kwenye kibanda cha mabati,
imevaa vumbi la mavuno kumi na tisa.
"Usiniambie ninunue mpya,"
akasema kabla sijafungua mdomo.
Kadi inayoongea na mizani haiingii
kwenye mashine yoyote iliyozaliwa
baada ya mwanawe kuota meno.
Nje, malori saba ya zabibu nyeusi,
za chini zimeshaanza kutoa machozi,
na nyigu wamefika, wao hawadai risiti.

Nikachomeka. Nikawasha.
Ikahesabu kumbukumbu yake taratibu, kwa fahari,
ikafika kwenye mstari wa diski,
ikasimama.
Haikukataa. Haikutaja kosa.
Kishale kinapepesa tu,
kama karani aliyeletewa jina refu
kuliko kisanduku cha fomu.

Nikaijazia kwa mkono:
silinda elfu moja na ishirini na nne,
vichwa kumi na sita, sekta sitini na tatu.
Hapo ndipo vidole vyake vinapoishia.
Aliyeiunda alikaa mahali na chai yake, akajiuliza
nani duniani atahitaji zaidi?
Simlaumu.
Mimi pia nimewahi kununua sufuria ya mtu mmoja.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo isemwavyo.
Haikusemwa kama mgeni ni mpana kuliko mlango.
Huyu anapima kwa kibaba, nami nimemletea ghala zima
nikitaka alihesabu kabla jua halijapanda.

Nyuma ya diski kuna pini nane
na kibano cha plastiki, kidogo kama jino la panya.
Ukikihamisha, diski hudanganya: husema, mimi mdogo.
Lamara, mwandika risiti, akanipa kibanio chake cha nyusi,
akanishikia tochi,
akauliza kama inauma.

Nikawasha tena. Ikasita. Ikaandika:
gigabaiti nane.
Nane kati ya themanini, nami nikapiga makofi kama mjinga.

Nugzari akainamia skrini. Ni mtu wa mizani,
hesabu isiyotimia humwasha mwilini.
"Na sabini na mbili?"
Zipo. Zinazunguka humo humo, ila hazina anwani.
"Nazilipia?"
Unazilipia.
Akakuna shingo. "Kama nyumba ya mama," akasema.
"Vyumba sita, naye hulala jikoni, karibu na moto."

Kunakili kulikula saa mbili na robo.
Diski kuukuu ikagonga, ikatoa mavuno ya mwaka wa mvua ya mawe,
kilo chache, majina mengi;
ikagonga, ikakataa kabisa kuachia Oktoba moja
ambayo Lamara alisema potelea mbali, ilikuwa chungu.
Saa sita kasoro lori la kwanza likapanda.
Kilo elfu nne mia tatu na kumi.
Printa ikalia kama mbuzi.

Kwenye basi la kurudi, vidole vikinukia zabibu,
nikamwandikia Malkhazi: nimechukua diski yako.
Akajibu upesi, labda alikuwa mapumzikoni:
ile yenye picha za baba?

Sikuwa nimetazama.
Nikahesabu mpaka basi likavuka daraja:
nane, hizo zimeshaandikwa zabibu.
Sabini na mbili, sijazigusa.
Nikamwandikia: iko Kvareli.
Usiniulize sasa.
Subiri mavuno yaishe.