Bikoni

Mwaka ule tulipoletwa Hema Mia, juu ya Mau Narok,
kwa malori yaliyobeba hata milango isiyo na nyumba,
mimi ndiye niliyemshikia mpima ardhi mnyororo.
Alilipa mia tatu kwa siku, na chai.
Nilichimba, nikasimika bikoni, nikashindilia udongo kwa kisigino:
eka mbili za Ombasa, eka mbili za mjane Wamaitha,
eka mbili zangu, zenye mwamba katikati kama jipu.
Kisha akafunua ramani, akaweka kidole.
"Hapa shule."
Nikachimba hapo mashimo manne,
ya kina kuliko mengine yote.

Huu ni mwaka wa tisa.
Shule ingali imara kwenye ramani.
Ardhini vimeota viazi vya Ombasa,
wala simlaumu: udongo haujui kungoja,
na viazi hivyo wanangu pia wanavila.

Shule yenye paa iko ng'ambo ya korongo,
kilomita nane kwa mguu wa mtu mzima;
kwa mguu wa Nyakio sijui huwa ngapi.
Huondoka jogoo hajamaliza kukohoa,
viatu mkononi, ili vifike vikiwa viatu.
Mvua ikipiga kule msituni
korongo hufura maji mekundu,
nasi hubaki kutazamana na ng'ambo.

Siku moja mwalimu alinionyesha rejesta.
Mbele ya jina la mwanangu: sifuri, sifuri, sifuri, hadi ukingo wa karatasi.
"Mtoro," akasema.
Nikaziangalia. Nilizijua moja moja.
Ile ni mvua, mwalimu,
umeiandika kwa wino wako.

Juzi, nikimsaidia Ombasa kupalilia,
nilimkuta Nyakio amepiga magoti kati ya matuta,
anafuta tope kwenye jiwe kwa upindo wa sketi.
Kidole kikatambaa. Mbili. Moja. Nne.
Halafu herufi, polepole,
kama mtu avukaye maji kwa kukanyaga mawe:
"S... H...
Baba, hapa wameandika SH tu.
Neno lenyewe liko wapi?"

Nilitaka kusema limo humo chini,
nililishindilia mwenyewe.
Nikasema: ngoja Ombasa avune,
tutalitafuta.

Akaanza kuhesabu miezi ya viazi
kwa vidole vyenye tope.