Chini ya Sakafu Yangu

Saa kumi na moja alfajiri, nje baridi ya kung'oa masikio,
Orest Pawluk hukung'uta theluji kizingitini,
buti la kulia mara mbili, la kushoto mara moja,
hunipungia kidole kwa kuwa midomo bado haijayeyuka,
hushuka ngazi kumi na tatu hadi kwa mume wangu,
kati ya mashine ya kufulia na tanuri la kupasha nyumba joto.
Huko ndiko wanakocheka kwa mshahara mdogo.

Leo ni kipindi cha elfu tatu mia moja na kumi na mbili.
Nahesabu mimi. Wao hesabu iliwapotea
tangu walipokitangaza cha mia tisa siku mbili mfululizo
na hakuna aliyelalamika ila mzee Thorvald wa Moose Jaw,
aandikaye kwa kalamu kila mwezi:
"Mwambieni huyo aache kutafuna karanga."

Saskatoon nzima inawajua kwa koo zao.
Waendesha makatapila ya theluji, wauguzi watokao zamu,
binti wa duka la mikate mwenye kisikilizio kimoja chini ya kofia,
wote wanayo habari ya bata bukini
aliyemfukuza Marcel kuzunguka kituo cha mafuta,
na kila mwaka bata yule huongezeka kilo.
Wanajua hata tanuri letu linavyokohoa;
wamelipa jina, Shangazi Odile,
na Krismasi humtumia salamu.

Wasilolijua ni hili.

Novemba, siku ya Alhamisi, Orest alichomoa hewani
kisa cha mazishi ya baba yake Marcel:
padri, sahani ya maandazi ya viazi, na meno ya bandia.
Kisa ni cha kweli. Kinachekesha, Mungu anisamehe.
Marcel alicheka vizuri, akakiongezea na mkia,
akaaga wasikilizaji, akabonyeza kitufe,
na tangu hapo hakumwambia mwenzake neno.

Siku kumi na moja!
Watu wanasema hawa ni chanda na pete.
Mimi niko juu na uji wangu wa shayiri,
nasikia kupitia bomba la joto:
kicheko, kicheko, "hadi kesho, wapenzi,"
tap,
kisha kama nyumba ya watu waliohama.
Nyaya zinakunjwa. Kiti kinasogezwa. Buti zinapanda.
Hata kwaheri waliitumia yote kule kwenye kipaza sauti.

Nilimwuliza Marcel kitandani, Mmenuniana?
Akasema, Hukutusikia leo? Tulikuwa moto.

Siku ya kumi na mbili, katikati ya bata bukini,
Shangazi Odile akakohoa, akakwama, akazimika.
Nikasikia mzaha umesimama, mguu mmoja juu.
Kimya. Lakini si kile cha kitufe; hiki kilikuwa na pumzi.
Kisha sauti ya Marcel, ile ya nyumbani, isiyotiwa chumvi ya kazi:
"Koti lako umeliacha wapi?"
"Garini."
"Chukua langu."

Kilichofuata ni dakika arobaini za wanaume wawili na tochi,
shika hapa, si hapo, hapa, lete koleo,
na tusi moja la Kiukraini ambalo hata mimi sasa nalifahamu.
Msamaha sikuusikia. Pengine ulipita
wakati spana inaanguka.

Walikirusha hivyo hivyo, bila kukata kitu.
Barua ya Moose Jaw ilifika wiki iliyofuata:
"Kipindi bora tangu nianze kusikiliza. Hakuna aliyetafuna."

Orest ameisoma hewani mara tatu,
mdomo umejaa karanga.