Dodoso Namba Arobaini na Moja

Jana, tangu ulipoamka mpaka ulipolala,
ni nini kilichoingia kinywani mwako?
Ndivyo swali lilivyoandikwa, ndivyo nilivyolisoma,
matope ya Kabare yakinikaukia miguuni
kama soksi za kuazima.

M'Cirhuza akacheka. Jana yote?
Akahesabu kwa kidole gumba juu ya vifundo:
kiazi kitamu kimoja, kilicholala jivuni.
Bugali wa muhogo. Sombe bila mafuta.
Sambaza.
Wangapi, mama?
Walikuwa wanne. Sisi tuko saba.
Wewe ndiwe uliyesoma, gawanya.

Niligawanya. Hesabu ilinipa nukta na tarakimu tatu,
haikunipa samaki.
Mchuzi alipewa Cishugi, kitinda mimba;
kisanduku cha mchuzi hakimo.
Hakimo pia cha harufu ya nyama kwa jirani,
ambayo aliniomba niiandike, maana, alisema,
nayo iliingia, ila kwa puani.

Nikamzungushia Cishugi utepe mkononi.
Mshale ukasimama kwenye njano.
Mama akafurahi: rangi ya ndizi iliyoiva!
Nikampa karatasi ya zahanati.
Zahanati ni mwendo wa saa mbili kwa mguu,
mvua ikinyesha, tatu,
na karatasi hailiwi.

Ukurasa wa nne: maharagi.
Yale yetu, ya chuo, yenye madini ya chuma,
yaliyokaa misimu tisa kwenye vitalu
yakiitwa kwa herufi na namba, kama wafungwa.
Septemba tulimpimia kilo mbili, akaweka alama ya kidole,
tukapiga picha.

Yalizaa?
Yalizaa, binti. Mpaka miti ya kuegemea ikainama.
Mliyala?

Mvua ikalijaribu bati, tone moja, tone jingine,
ikaghairi.

Niliyauza Mudaka.
Yanaiva upesi, hayamalizi makaa,
wamama wa mjini wanayapigania.
Kwa bei yake nilipata unga wa muhogo wa wiki tatu,
chumvi, daftari za mkubwa.
Maharagi yangetulisha siku tano.
Nilikosea?

Kwenye fomu kuna Ndiyo, kuna Hapana,
kuna Sijui, ambayo ni ya mhojiwa,
si ya anayehoji.

Akaniangalia vidole, akaiangalia kalamu.
Na wewe? Jana ulikula nini?

Juzi jioni, sokoni Nyawera,
mwanamke mwenye kitambaa cha kijani
alinipimia maharagi kwa kopo la nyanya,
akaongeza ngumi moja ya nyongeza.
Mekundu, yenye michirizi myeupe karibu na kitovu.
Ningeyajua hata gizani:
mwaka mzima niliyahesabu maabara, mia kwa mia,
nikiyapima mpaka gramu ilipokwisha kuwa neno.
Jana nikayakaanga na kitunguu,
nikala sahani mbili mbele ya kompyuta
nikichapa sentensi ya ripoti:
Kaya zimeipokea mbegu kwa moyo mkunjufu.

Basi chuma hicho hakikupotea.
Kilishuka mlima ndani ya gunia,
kikapita vizuizi viwili, kila kimoja na ushuru wake,
kikapanda ngazi za chumba changu kule Ibanda.
Kimo humu. Ndicho kinachoshika kalamu.
Profesa ataniuliza kwa nini jedwali la sita limelala,
kwa nini damu za watoto hazikupanda,
naye atashuku mvua, atashuku udongo wenye asidi,
ataomba fedha za kupima udongo.

Nilimjibu: Maharagi, mama.

Akaitikia kwa kichwa,
kama mtu aliyerudishiwa chenji yake kamili.
Yaliiva upesi, sivyo?
Upesi sana.

Pembeni mwa karatasi, mahali tulipokatazwa kuandika,
niliandika: *mhoji amekula*.
Kisha nikavuta fomu ya arobaini na mbili,
na Cishugi, aliyebaki na utepe wangu,
alikuwa akiupima mguu wa kuku.