Lita Ishirini

Nesi Chihuta akasogeza jiwe la mizani,
akaguna: "Mama Somoe, tisini na mbili.
Soda basi. Kunywa maji, glasi mbili kabla ya ugali,
tumbo lipate adabu."

Maji!
Nilicheka hadi kitanda cha kupimia kikalia.
Binti, mimi na maji tunajuana.
Alfajiri tulishuka bondeni Kitangari,
ngata kichwani, ndoo juu ya ngata,
tukaupanda mlima hadi Mkunya,
shingo zimezama mabegani kama za kobe.
Ndoo moja, watu saba:
ya kupikia, ya kutawadha, ya mgonjwa.
Ya kunywa nilijipimia kwa kifuniko.
Nilikuwa na kilo arobaini na saba,
na ishirini za juu kila nikitembea.

Sasa bomba liko uani, linakohoa,
Jumanne linatoa, Ijumaa linasahau,
nami nimekaa.
Zile kilo za kichwani
zimeshuka, zikaingia ndani.

Basi nakunywa.
Glasi ya kwanza naipokea kwa mikono miwili.
Ya pili naitazama kwanza.
Usiku natoka mara nne;
mume wangu anauliza nina miadi na nani.

Mwezi umepita. Nimepungua kilo na robo.
Nesi anapiga makofi.
Mimi nimenyamaza, shingo inakumbuka:
lita na robo,
ndiyo ile iliyokuwa ikimwagika mlimani
kila siku,
nikageuka kuitazama mchanga ukiinywa.